Kiganja Katika Nguzo ya Kwanza

Takimbo ni nchi isiyokamilika, na silisemi hilo kwa kuikebehi, kwa kuwa ndivyo wenyewe wanavyoipenda. Ukiitazama kutoka mteremko wa barabara ya mashariki, kitu cha kwanza kukupokea si miti wala minara, bali nondo: maelfu ya nondo zilizosimama juu ya mapaa ya zege kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, kila moja ikisubiri ghorofa ambayo mwenye nyumba ameapa kuipandisha mwaka ujao. Kati ya nondo na nondo zimefungwa kamba, na juu ya kamba zinapepea khanga na suruali za shule, hata mgeni hudhani nchi nzima imetweka bendera kwa ajili yake. Watakimbo hawaulizani habari za asubuhi. Mtu akikutana na jirani yake humwuliza, "Umefika wapi?" na jirani hujibu, "Nimefika kwenye linta," au, "Bado niko chini, naomba uzima tu," na hapo kila mmoja huwa ameshajua hali ya mwenzake, na ya ndoa yake pia.

Katikati ya nchi kimesimama Kilele, jumba la watawala. Kila mtawala anayeingia hujenga ghorofa yake juu ya ghorofa ya aliyemtangulia, kwa kuwa ni mwiko kulalia kitanda cha mtawala aliyepita, na ni aibu kubwa zaidi kulala chini yake. Hivyo Kilele kimerefuka kwa tawala kumi na tatu, kikikonda kadiri kinavyopanda, mpaka ghorofa ya juu kabisa imekuwa nyembamba kiasi kwamba Mwenye Kilele akitaka kugeuka kitandani, wasaidizi wake hutoka kwanza wakasubiri kwenye ngazi.

Watawala hao wanapenda mno kuweka mawe ya msingi. Huteremka, huweka jiwe, hupigiwa makofi na bendi, hupanda tena, jiwe likabaki. Kusini mwa mji kuna uwanda mzima wa mawe hayo, ya vyuo, ya mitaro, ya viwanda vya kutengenezea viwanda vingine, yamepangwa safu kwa safu hata mpita njia huvua kofia akidhani yuko makaburini. Wanaoyathamini kwa dhati ni mbuzi, ambao huyatumia kujikunia.

Lakini nchi hiyo inayo desturi moja nzuri kuliko zote, nayo haikuzaliwa Kilele. Ilizaliwa kwa mafundi. Nyumba ya umma inapomwagiwa nguzo yake ya kwanza, seremala huacha kidirisha kwenye boksi la mbao, usawa wa kitovu, na zege likiwa bado bichi msimamizi wa ujenzi hupitisha mkono hapo, akabandika kiganja, akahesabu mpaka ishirini, akautoa. Hasemi neno na haandiki jina. Mbao zikivuliwa, kiganja kinaonekana na mistari yake yote, na tangu siku hiyo kila mtu anajua ni mkono wa nani utakaoulizwa. Nyumba ikiwa njema, watu hugusisha viganja vyao kwenye kile cha zege wanapoingia, kama mtu anayempa mwenzake mkono. Nyumba ikiwa mbovu, hukizaba kofi.

Pale lilipokuwa ghala la nafaka la Sokolole imebaki nguzo moja tu, na kiganja kilichomo kimezabwa makofi hata mistari imefutika. Ni kiganja cha msimamizi Lundenga, fundi hodari aliyeamriwa kuondoa miti ya kuegemezea dari siku tano baada ya zege kumwagwa, ili bendi ya Mwenye Kilele wa wakati huo ipate kupiga ndani. Bendi ilipiga. Ghala likasubiri mpaka lilipojaa mavuno, ndipo likakaa chini. Aliyeamuru hakuna anayemkumbuka. Lundenga aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na nyumba yake ilikuwa karibu kiasi cha kuyasikia makofi.

Alikuwa na mwanafunzi mmoja, binti aliyeitwa Naswenya. Kila wiki, hata leo, Bi Naswenya hupita Sokolole akakigusa kiganja kile taratibu kwa ncha za vidole, akaenda zake kazini.

Kazi yenyewe wakati huo ilikuwa Mitondoo, mtaa wa watu wengi na watoto wengi zaidi, ambao haukuwa na nyumba ya wazazi. Wanawake wa Mitondoo walijifungulia katika ofisi ya mtendaji, juu ya meza yake, baada ya kusogeza mihuri na majalada pembeni; na kwa kuwa si mara zote mihuri ilisogezwa kwa wakati, wapo Watakimbo wazima hivi leo wenye alama ya muhuri mgongoni. Jambo hilo huchekwa sana mtaani. Wanawake wawili waliokufa juu ya meza ile mwaka uliotangulia hawachekwi, na kwa ajili yao Mitondoo ilipiga kelele mpaka nyumba ya ghorofa moja ikakubaliwa: chini mapokezi, juu wodi ya vitanda kumi na sita.

Kazi ya msimamizi wa ujenzi, kwa anayeitazama kutoka barabarani, ni kusimama na kofia ngumu kichwani akinyoosha kidole. Anayeitazama kwa karibu humwona Bi Naswenya alfajiri akiramba mchanga kwa ncha ya ulimi kujua kama una chumvi, saa moja akipima nafasi kati ya nondo na nondo kwa kamba yenye mafundo, saa mbili akisuluhisha ugomvi wa seremala na mfunga nondo juu ya nani alimtangulia nani, saa tatu akiwanyang'anya vibarua kofia walizozigeuza vikapu vya maandazi na kuzirudisha vichwani, na mchana kutwa akiitazama mbingu kama mtu anayejua kwamba mkwe atakuja bila taarifa. Kwapani alibeba daftari la kazi, la jalada jekundu. Kila agizo liliingia humo na kutiwa saini. Agizo ambalo halikuandikwa, kwake lilikuwa upepo.

"Mchanga huu una chumvi," alisema asubuhi moja, akitema pembeni. "Lori lirudi nao."

"Bosi, utakuja kuimaliza nchi kwa kuila," alisema fundi Ngobile, kiongozi wa waashi, mtu mfupi mwenye mabega mapana ambaye hakuwahi kuonekana bila mwiko mkononi wala mzaha mdomoni. "Mpe Chemke basi, akaungie maharage."

"Na nikikuungia, utakula wewe wa kwanza," alijibu Chemke kutoka kwenye mafiga yake. Chemke ndiye aliyewapikia mafundi wote wa pale. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na kila alipoinama kukoroga sufuria, kazi yote ilisimama kidogo mpaka ainuke.

"Dada," alimwuliza Naswenya, kama alivyomwuliza kila siku, "nitawahi?"

"Kuzaa humu hutawahi. Lakini atakayefuatia baada yako atawahi."

"Basi mwambie huyu wa tumboni asubiri."

"Huyo si wa kusubiri," Ngobile alisema. "Mama yake mwenyewe maharage hayasubiri yaive."

Mwenye Kilele wa kumi na tatu aliitwa Barutangwa. Hakuwa mtu mkatili; alikuwa mtu wa juu tu. Miaka minne hakuwa amekanyaga ardhi isipokuwa palipotandikwa zulia. Ghorofani kwake alikuwa na darubini, na kwa darubini hiyo aliona jambo lililomkosesha raha: watu walikuwa wakisalimia viganja vya nguzo kila waingiapo sokoni au shuleni, ilhali mawe yake ya msingi, yenye jina lake kwa herufi za dhahabu, yalisalimiwa na mbuzi. Aliwaza siku tatu. Siku ya nne akatamka kwamba kiganja cha nyumba ya wazazi ya Mitondoo kitakuwa chake.

Habari hiyo ililetwa na katibu wake, Nzengelele, aliyefika kwenye eneo la ujenzi akitembea juu ya mbao mbili, moja akiikanyaga na nyingine ikikimbizwa mbele yake na watu wawili, asiguse tope. Nyuma yake vilifuata viroba kumi na viwili.

"Bi Msimamizi, nimekuletea habari njema mbili."

"Nianze kuogopa ipi?"

"Ya kwanza, mkono utakaowekwa nguzoni ni wa Mtukufu mwenyewe. Ya pili, nguzo itamwagwa siku ya kumbukumbu ya kupanda kwake, wiki ijayo, na mbao zitavuliwa siku hiyo hiyo, wananchi waone."

"Siku hiyo hiyo?"

"Kabla ya chakula cha mchana." Nzengelele alipiga kiroba kimoja kwa kiatu. "Huu ni unga wa kugandisha. Ukiuchanganya, zege linakuwa jiwe watu wakiwa bado wanapiga makofi."

"Katibu, zege si ugali. Linakomaa siku ishirini na nane, likinyweshwa maji asubuhi na jioni. Unga mwingi kiasi hicho utalikausha nje, ndani likiwa na homa. Na nguzo hii inabeba wodi ya juu."

"Mama, unataka Mtukufu akae hapa siku ishirini na nane akimwagilia nguzo maji?"

"Hakuna aliyemwomba."

Katibu alitabasamu kwa upole wa mtu anayefunga mlango. "Kofia hiyo uliyoivaa ina wengi wanaoitaka. Shemeji yake Mtukufu ameshaijaribu kichwani."

"Shemeji yupi?" Ngobile aliingilia. "Yule aliyejenga kibanda cha ulinzi kikamwangukia mlinzi?"

"Alipona."

"Mlinzi au kibanda?"

Bi Naswenya hakucheka. Alimtazama Chemke, aliyekuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja na upawa kwa mwingine. Akikataa, kesho angekuja shemeji, na shemeji asingeramba mchanga wala kupima nondo. Wodi ya vitanda kumi na sita ingesimama juu ya nguzo kumi na mbili za aina hiyo, si moja. Akikubali na kunyamaza, angekuwa Lundenga wa pili. Alikaa juu ya kiroba, akafungua daftari jekundu, akaandika ukurasa mzima bila haraka. Aliandika kwamba unga umeletwa kwa amri ya Kilele, naye msimamizi amepinga. Kwamba mkono usikae ndani ya zege hilo zaidi ya hesabu ya ishirini. Kwamba vipande vya zege hilohilo vitahifadhiwa majini na kupimwa siku ya ishirini na nane: nguzo ikishindwa itabomolewa, ikifaulu haitaguswa na nyundo, mkono uliomo uwe wa nani. Na kwamba mwenye kiganja ndiye atakayejibu.

"Soma, kisha weka saini."

Lakini Takimbo, anayesoma kabla ya kupiga muhuri huonekana mtu asiye na kazi. Nzengelele alitoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga chini ya ukurasa mara mbili, kwa uzuri, akaondoka juu ya mbao zake.

Siku ya kumbukumbu ilifika na jua kali. Barutangwa aliteremka. Alipofika chini alisimama kitambo akipepesa macho, kwa sababu alishangaa jinsi watu walivyokuwa wakubwa. Wengi wao walimshangilia kwa dhati. Watakimbo ni wepesi wa kufurahi, na mtu akija kwao na bendi humsamehe mengi. Boksi la nguzo lilikuwa limejaa zege lenye unga, moshi mwembamba ukilitoka juu kama sufuria ya Chemke. Bi Naswenya alifungua kidirisha.

"Kiganja tu, Mtukufu. Kukibandika kunatosha."

"Kubandika wamebandika wengi," alisema Barutangwa. Alitaka alama yake iwe na kina kuliko zote nchini. Akausukuma mkono wote ndani, pete nne na bangili ya dhahabu, ukapita kifundo, bangili ikateleza kati ya nondo na nondo ikakaa upande wa pili. Kisha, mkono ukiwa humo, akamgeukia mpiga picha, akaanza kuhutubia.

Bi Naswenya alihesabu kwa sauti. Alipofika ishirini alisema, "Mtukufu, mkono."

"Msimamizi asinikatize."

Alihutubia juu ya historia ya Takimbo tangu ilipokuwa tope. Alihutubia juu ya mawe yake ya msingi, moja moja. "Mtukufu, mkono," Naswenya alirudia, na safari hii katibu alimwashiria kwa kidole mdomoni anyamaze. Barutangwa akapaza sauti: "Nasikia joto! Wananchi wangu, nasikia joto la upendo wenu likipanda mkononi mwangu!" Makofi yakalipuka. Ngobile, ambaye alijua saruji inavyochemka inapoganda, alifunika uso kwa kofia. "Na nguzo hii," alimalizia Mwenye Kilele, "haitaguswa kwa nyundo na mtu yeyote, milele! Atakayeipiga nyundo ni adui wa Takimbo, hata kama ni mimi mwenyewe!"

Bendi ikapiga. Barutangwa akapunga mkono wa kushoto, akataka kupunga na wa kulia, asiweze.

Mwanzoni wote walidhani ni sehemu ya sherehe. Katibu alimshika kiuno akavuta. Wasaidizi wawili walimshika katibu kiuno wakavuta. Chemke alileta mafuta ya kula, yakamwagwa kidirishani, yakatiririka chini bila kumsaidia mtu. Bendi ilipungua ala moja moja, ikabaki ngoma, nayo ikanyamaza.

"Leteni nyundo!" Nzengelele alipiga kelele.

Hakuna aliyesogea.

"Fundi! Nyundo!"

"Mimi si adui wa Takimbo," alisema Ngobile.

Bi Naswenya alikagua kidirisha, akaingiza kijiti, akasikiliza, akainuka. Hakuonekana kufurahi. "Bangili imekamata nyuma ya nondo. Ili nimtoe, lazima nikate nondo mbili. Nikizikata, hakuna wodi ya juu." Akafungua daftari mahali penye muhuri uliogongwa mara mbili, akamgeuzia katibu. Nzengelele aliusoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza, midomo ikicheza kama ya mwanafunzi.

Watu walipaswa kuondoka, lakini hawakuondoka, kwa sababu desturi ilikuwa haijatimizwa: nguzo ina kiganja, na kiganja hakijasalimiwa. Lakini kiganja hiki kilikuwa ndani, hakifikiki. Chemke ndiye aliyepata njia. Alisogea na tumbo lake, akaweka kiganja chake begani kwa Mwenye Kilele, kwa adabu.

"Baba," alimwuliza, "itashika?"

Barutangwa alimtazama katibu. Katibu alitazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa na tope.

"Msimamizi," Mwenye Kilele alisema kwa sauti ndogo, "itashika?"

"Ingekuwa kwa kipimo changu ningekwambia, Mtukufu. Kwa unga huu, sijui. Zege litasema lenyewe siku ya ishirini na nane."

"Na mpaka hapo?"

"Linanyweshwa maji. Asubuhi na jioni."

Wakamjengea kibanda cha bati palepale nguzoni, wakamwekea kiti kirefu na godoro la kusimamisha ukutani, alale ameegemea. Mbao zilipovuliwa nguzo ikaonekana nzuri, nyororo, na mkono ukiingia ndani yake kama mti ulioota kando. Siku za kwanza majalada yaliteremshwa kutoka Kilele ayatie saini kwa mkono wa kushoto. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alianza kuyasoma. Majalada yakapungua.

Chemke alimpa uji kabla ya wote na kumkaripia alipoacha nusu. "Mtu amebeba nyumba nzima kwa mkono mmoja, halafu hali?" Barutangwa alikula. Alijifunza majina ya vibarua, kisha majina ya watoto wao. Alijifunza kutambua kwa sikio koleo linalochanganya zege lenye maji mengi, na siku moja akapaza sauti, "Hilo ni jepesi!" kabla Bi Naswenya hajafika, na mafundi wakacheka, na mchanganyaji akaongeza saruji. Siku ya nne aliyepangiwa kumwagilia aliugua homa. Jua lilipopanda nguzo ikaanza kupauka, na Mwenye Kilele, bila kuambiwa na mtu, akanyoosha mkono wa kushoto, akachota kopo kwenye ndoo, akainywesha. Tangu hapo kazi hiyo ikawa yake. Aliimwagia kuanzia alipofika kwa kunyoosha vidole mpaka chini kwenye kitako, na palipozunguka kifundo cha mkono wake alimwagia polepole.

"Umefika wapi, baba?" wapita njia walimwuliza.

"Siku ya kumi na mbili," alijibu, na walitikisa kichwa kama watu walioambiwa jambo la maana.

Siku ya kumi na tano lori lilileta nondo. Barutangwa alizitazama zikishushwa.

"Msimamizi, mbona hizi ni nyembamba? Za mwanzo zilikuwa nene kama kidole gumba."

"Za mwanzo nilizifuata mwenyewe kiwandani. Hizi zimepita njia ya kawaida."

"Njia ipi?"

Bi Naswenya alisita. Ngobile hakusita. "Lori hupitia Kilele kwanza, baba. Nene hushukia kule, nyembamba hutufikia sisi."

Barutangwa aliinua macho mpaka juu kabisa, kwenye kizuizi cha roshani yake, chenye nondo nene zilizosokotwa kama nywele za bibi harusi. Kisha akaomba daftari jekundu, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda huku na huku, kwamba lori hilo lirudi na roshani ivunjwe. Akatafuta muhuri, akakumbuka uko kwa katibu. Akatia dole gumba. Lori lilirudi. Roshani haikuvunjwa, na siku tatu baadaye, ingawa hakuwa na darubini, aliona mapazia mapya dirishani kwake, na juu ya paa lake, nondo nne changa zimesimama kusubiri ghorofa ya kumi na nne.

"Hesabu yako ni ngumu, baba," Ngobile alimwambia walipokuwa wakila. "Nguzo ikishindwa, tunaibomoa, unatoka, unawahi nyumbani kabla hawajakuezekea. Ikifaulu, haiguswi. Unabaki nasi."

"Wewe unaniombea lipi?"

"Mimi? Nakuombea uji usipoe."

Barutangwa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ateremke, na kicheko chake kilipita kwenye bega kikaingia mkononi, na wapo wanaoapa kwamba nguzo ilitetemeka. Bi Naswenya, aliyesikia, hakucheka wala hakulala vizuri. Yeye naye alikuwa na hesabu yake. Akimwangalia yule mtu akipitisha kopo kwa uangalifu, hakujua tena atake nini. Na jambo hilo lilimwudhi, kwa sababu msimamizi anatakiwa kutaka kitu kimoja tu, nacho ni nyumba isimame.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nane, Mitondoo yote ilikuja. Vipande vya zege vilitolewa majini, vikapelekwa kwenye karakana iliyo pembeni ya eneo la ujenzi, na Bi Naswenya akaingia navyo peke yake na mpimaji, akafunga mlango. Ngobile aliweka nyundo kubwa upande mmoja wa nguzo na ndoo ya maji upande wa pili. Chemke alikaa juu ya karai lililopinduliwa, tumbo likiwa limeshuka, akipumua kwa kuhesabu. Tangu alfajiri uchungu ulikuwa ukija na kuondoka, lakini alikataa kupelekwa kwenye meza ya mtendaji mpaka asikie. Kutoka karakana ulisikika mlio wa kipande cha kwanza kikivunjika. Kikapita kimya. Kikavunjika cha pili. Kikapita kimya kirefu zaidi.

Mlango ulipofunguliwa, Bi Naswenya alitoka na karatasi imekunjwa ndani ya daftari jekundu, na uso ambao mafundi wake walikuwa wameshindwa kuusoma kwa miaka minane.

Nzengelele alikuwa amefika, juu ya mbao zake mpya. "Lete nigonge muhuri," alisema, akipulizia pumzi chini ya kile chuma. "Tumalize, watu warudi makwao."

"Weka muhuri mfukoni," alisema Barutangwa.

Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemwota, na saruji imeingia ndani ya mistari ya mkono wake wa kushoto kama ilivyo kwa waashi wote. Aliinuka kitini, akanyoosha mgongo, akaubandika mkono huo wa kushoto juu ya nguzo, kwa nje, kama wafanyavyo wapitao mlangoni. Hakuitazama nyundo. Hakulitazama dirisha lake kule juu, ambako mtu alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alimtazama Chemke, kisha msimamizi.

"Soma," alisema. "Kwa sauti, wote wasikie. Na usiruke kitu. Soma yote."

Bi Naswenya akakunjua karatasi, akafuta vumbi la zege kwenye miwani yake kwa ncha ya khanga, akaanzia juu kabisa, kwenye tarehe.